Walimu wa Vyuo Hugawiwa kwa Hesabu Gani?

Msafiri anayeshuka treni katika stesheni ya Tabora, akafuata barabara yenye miembe mpaka mjini, hatakwenda mbali kabla hajaona kibao cha chuo. Mji huu ni mji wa vyuo. Kuna chuo cha ualimu, kuna chuo cha ufundi stadi cha VETA, kuna chuo cha ufugaji nyuki, kuna chuo cha ardhi, kuna chuo cha reli, kuna chuo cha kilimo pale Tumbi, na kuna kile ambacho wazee bado wanakiita Chuo cha Uhazili, ambacho siku hizi ni sehemu ya Chuo cha Utumishi wa Umma. Ukitoka mjini kwenda Ndala utakuta chuo kingine cha ualimu. Ukifika Urambo, Sikonge, Nzega na Mwanhala utakuta vyuo vya maendeleo ya wananchi. Hatudhani kwamba ipo mikoa mingi ya bara inayoweza kujivunia akiba kama hii.

Lakini hebu tuulize swali jepesi. Vyuo vyote hivi vinahitaji walimu wangapi, wa fani zipi, na ni nani aliyekaa kitako akahesabu? Mwananchi atakayelitafuta jibu atazunguka sana, kwa maana jibu limegawanyika vipande vipande. Walimu wa vyuo vya ualimu na wa vyuo vya maendeleo ya wananchi wamo katika ikama ya Wizara ya Elimu. Walimu wa VETA ni watumishi wa Mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Walimu wa Tumbi ni wa Wizara ya Kilimo. Wa chuo cha nyuki ni wa Maliasili, wa chuo cha ardhi ni wa Wizara ya Ardhi, wa chuo cha reli ni wa Shirika la Reli, na wa uhazili wako chini ya Ofisi ya Rais inayoshughulika na Utumishi. Mji ni mmoja, vijana wanaosoma ni wa nchi moja, lakini wenye walimu ni saba, na kila mmoja huomba walimu wake kwa mlango wake.

Hatuandiki haya kwa nia ya kuilaumu Serikali. La hasha. Gazeti la Chama lina wajibu wa kueleza kazi za Serikali kwa wanachama, na lina wajibu wa pili ulio mzito kuliko huo, nao ni kuieleza Serikali yale ambayo wanachama wanayaona kule waliko. Jambo la kugawa nafasi za walimu wa vyuo ni moja ya mambo ambayo wafanyakazi na wakulima huyaona kila siku, lakini hawaelezwi yanavyokwenda. Yafaa basi tuyaeleze.

Nafasi ya mwalimu wa chuo haizaliwi chuoni. Mkuu wa chuo, anapoona karakana ya umeme haina mtu wa kuifundisha, hawezi kwenda mjini akamwajiri fundi. Huandika upungufu wake na kuupeleka wizarani au katika makao makuu ya taasisi yake. Huko maombi ya vyuo vyote hukusanywa, yakapunguzwa, yakaingizwa katika makadirio ya ikama na mishahara ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai. Kisha makadirio hayo hupelekwa Utumishi, ambako hupimwa pamoja na maombi ya wauguzi, ya maofisa ugani, ya mahakimu na ya madereva. Hazina husema fedha za mishahara zilizopo ni kiasi gani. Kinachobaki baada ya mapimo hayo ndicho kinachoitwa kibali cha ajira. Kibali kikitoka, Sekretarieti ya Ajira hutangaza, hupokea maombi, hufanya usaili, na mwisho humpangia mshindi kituo chake. Kila hatua ina sababu yake, na hatuoni hata moja ambayo tungeweza kuifuta kwa kalamu. Lakini tukihesabu siku zinazopita tangu mkuu wa chuo aandike barua mpaka mwalimu ashuke na sanduku lake, tutaelewa kwa nini kijana aliyeingia kujifunza umeme anaweza kumaliza muhula wake na zaidi bila ya kumwona mwalimu aliyeahidiwa.

Na hata hicho kibali, kinapotoka, hutoka kwa jina la fungu. Wizara hupewa nafasi kadhaa, nayo huzigawanya kati ya vyuo vyake. Hapo ndipo ulipo ugomvi wetu. Hesabu huanza na fungu, ikashuka kwa chuo, na mwisho kabisa ikafika kwa fani na kwa mwanafunzi, wakati kwa akili ya kawaida ingepaswa kuanza kwa mwanafunzi.

Watu wa Unyanyembe walilijua jambo hili tangu zamani. Burton na Speke walipofika hapa mwaka 1857, katika mahali palipokuwa pakiitwa Kazeh, waliwakuta wafanyabiashara kutoka pwani wamekwisha kujenga matembe yao, na Wanyamwezi wamekwisha kuifanya kazi ya upagazi kuwa kazi ya heshima. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilivunjwa hapa. Wapagazi waliotoka nao pwani walilipwa wakaenda zao, na wapya wakaandikwa kwa safari ya Ujiji au ya kaskazini kuelekea ziwani. Tabora palikuwa mahali pa kuhesabu. Na waliohesabu hawakuanza na watu, walianza na mizigo. Mizigo ya merikani ilikuwa mingapi, ya ushanga mingapi, ya masango mingapi. Kila mpagazi achukue kama frasila mbili. Pembe kubwa ya ndovu ilimtaka mtu mwenye mabega yake. Hesabu ya mizigo ikikamilika ndipo watu walipotafutwa, tena kwa kuangalia majira, kwa kuwa Mnyamwezi hakukubali kuacha shamba lake wakati wa kulima. Biashara ile ilikuwa na uovu mkubwa ndani yake, kwani watu nao waliuzwa katika njia ile ile, na hatuna haja ya kuipamba. Lakini mkuu wa msafara aliyeandika watu kwanza kisha akaanza kutafuta mizigo inayowafaa asingefika hata Msene.

Sisi leo tunaandika watu kwanza. Tazama jinsi hesabu inavyofanywa katika shule za msingi na za sekondari. Huko kuna kipimo kinachoeleweka, hata kama hakitimizwi: wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja. Serikali ilipotangaza mwaka 2022 nafasi 9,800 za walimu wa shule, kila mzazi aliweza kuhoji ni ngapi zimekuja wilayani kwake. Chuo cha ufundi hakipimiki hivyo. Mwalimu mmoja wa historia anaweza kusimama mbele ya wanafunzi mia moja, wakamsikia. Mwalimu wa kuchomelea vyuma hawezi, maana kila mwanafunzi anashika moto mkononi. Ukimpa wanafunzi wengi kupita kiasi, wale wa nyuma watakuwa watazamaji, na mtazamaji si fundi. Kadhalika mwalimu wa ushonaji hawezi kuzibwa pengo na mwalimu wa ufundi magari, ijapokuwa katika jedwali la ikama wote wawili huonekana kama mtu mmoja na mmoja. Chuo kinaweza kuandikwa kuwa kimetimiza walimu wake karibu wote, na bado kikawa kimefunga karakana mbili.

Historia ya vyuo vya maendeleo ya wananchi yatufundisha zaidi. Vyuo hivi vilianzishwa kuanzia mwaka 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya wananchi vya Sweden, na nchi ile ikatusaidia kuvijenga. Ulikuwa wakati wa Azimio la Musoma la mwaka 1974, wakati kisomo cha watu wazima kilipokuwa kimeenea nchi nzima. Makusudi yake hayakuwa kutoa vyeti. Yalikuwa kumpokea mkulima aliyekwisha jua kusoma, akae chuoni kwa majuma au kwa miezi, ajifunze useremala, uashi, kilimo bora, upishi, uongozi wa kijiji, kisha arudi kijijini kwake akafanye kazi. Kwa sababu hiyo mwalimu wa chuo hiki alipaswa kuwa mtu wa namna yake: fundi, mwalimu wa watu wazima, na kiongozi, vyote kwa pamoja.

Baadaye vyuo vile vilihamishwa kutoka Wizara ya Elimu vikapelekwa kwenye wizara ya maendeleo ya jamii, wakakaa huko miaka mingi, na mwaka 2016 vikarudishwa Elimu. Ndugu msomaji atasema kuhamisha chuo kutoka wizara moja kwenda nyingine ni jambo la makaratasi tu. Sivyo. Wizara ya maendeleo ya jamii ilikuwa na mahitaji yake mengi mengine, na nafasi za walimu wa vyuo zilipaswa kushindana na nafasi za maofisa maendeleo ya jamii wa nchi nzima. Waliporudi Elimu walikuta foleni nyingine iliyo ndefu zaidi. Mtoto anayelelewa kwa zamu hawezi kusema sahani yake iko nyumba gani. Vyuo hivi ni 54 katika nchi nzima. Majengo yake mengi yalikarabatiwa katika miaka iliyofuata, vitanda na mashine zikaletwa, na wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya kupata watoto wakafunguliwa milango, wakaruhusiwa kuja na watoto wao. Hilo ni jambo jema, na Chama hakina sababu ya kulionea haya. Lakini msichana huyo aliyetoka kijijini Sikonge na mtoto mgongoni, aliyemwachia mama yake shamba la tumbaku ili ajifunze kushona, hakufuata jengo. Alimfuata mwalimu.

Mwezi wa Juni mwaka 2016 Serikali ilisimamisha ajira na kupandisha vyeo ili ihakiki watumishi wake. Tarehe 28 Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Sisi tuliunga mkono uhakiki ule na hata leo hatuoni aibu kusema hivyo, kwa kuwa mshahara wa mtumishi hewa ni jasho la mkulima linaloibwa. Hata hivyo yatupasa kukiri kwamba wakati hesabu ilipokuwa ikisafishwa watu waliendelea kuzeeka. Umri wa kustaafu ni miaka 60, na kundi kubwa la wakufunzi walioingia kazini katika miaka ya sabini na themanini lilikuwa linafikia mlangoni. Mwalimu anapostaafu, nafasi yake haijazwi yenyewe kama kiti kinavyopata mkaaji mwingine. Lazima kiombwe kibali cha ajira mbadala, nacho hupita njia ile ile tuliyoieleza. Kwa hiyo chuo hupoteza mwalimu siku moja, kisha huanza kumwomba upya kana kwamba hakikupata kuwa naye.

Katika uhakiki huo huo lilizuka jambo la wale waliosoma darasa la saba. Utaratibu wa utumishi ulikuwa umeweka tarehe 20 Mei 2004 kuwa mpaka: aliyeajiriwa baada ya hapo alitakiwa kuwa na elimu ya kidato cha nne. Mwaka 2018 Serikali iliwarudisha kazini wale walioajiriwa kabla ya tarehe hiyo, na ilifanya haki. Lakini kanuni yenyewe imebaki, na kwa vyuo vya ufundi ina maana nzito. Yupo fundi mjini Tabora ambaye vijana ishirini wamepitia mikononi mwake, wakatoka wakiwa na karakana zao. Huyo, kama alimaliza darasa la saba tu, hawezi kupewa nafasi ya kudumu ya kufundisha chuoni. Anayepewa ni kijana mwenye stashahada ambaye pengine injini ameiona zaidi katika picha. Serikali tayari inao utaratibu, kupitia VETA, wa kuutambua na kuurasimisha ujuzi ambao mtu ameupata nje ya chuo. Cheti hicho kinamfaa fundi anapotafuta kazi ya kandarasi. Kinamfaaje anapotaka kufundisha? Kama Taifa limekwisha kusema kwa muhuri wake kwamba mtu huyu ni fundi, hatuelewi kwa nini muhuri huo ufe mlangoni mwa chuo. Apelekwe Morogoro, kwenye chuo chetu cha kuwafundisha walimu wa ufundi stadi, ajifunze namna ya kufundisha, arudi kazini.

Wakati huo huo vyuo vinaongezeka. Katika miaka ya karibuni Serikali ilijenga vyuo 25 vya ufundi stadi vya wilaya, na katika mkoa huu Uyui na Igunga zimo katika hesabu hiyo, kama zilivyo Uvinza, Buhigwe na Kasulu katika mkoa wa Kigoma. Kisha mwaka 2023 ulianza ujenzi wa vyuo vingine 64. Hii ni kazi kubwa, na wenye kuibeza ni wale ambao watoto wao hawana shida ya pa kwenda. Lakini mtu anayetoka Tabora kuelekea magharibi kwa treni hawezi kuipita Urambo bila ya kukumbuka kisa cha karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaja, reli ikabeba vyuma, wakubwa wakajenga nyumba, na udongo na mvua vikaulizwa mwisho. Kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umekufa, na mamilioni ya fedha yamekwenda. Hatufananishi nia za wakoloni na nia ya Serikali ya wananchi, maana wale walitaka mafuta ya kupikia kwao na sisi tunataka mafundi wa kwetu. Tunachosema ni kwamba jengo la chuo lina mkandarasi, lina tarehe ya kukamilika, lina kiongozi wa kulifungua kwa utepe. Nafasi ya mwalimu haina utepe. Ndiyo maana siku zote jengo hutangulia, na mwalimu hufuata nyuma akihema.

Isitoshe, mlaji mpya amefika mezani. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali katika sekondari, na Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa mwaka 2025, inautilia nguvu. Tumekuwa tukiudai mwelekeo huu tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Lakini mwalimu wa useremala wa shule ya amali, mwalimu wa useremala wa VETA na mwalimu wa useremala wa chuo cha maendeleo ya wananchi ni mtu mmoja yule yule, na waliofundishwa Morogoro hawatoshi kujaza viti vyote vitatu. Kama kila mlango utaomba peke yake, mwenye sauti kubwa ndiye atakayepewa, na vyuo vya wananchi havijawahi kuwa na sauti kubwa.

Nini hutokea pale nafasi zisipokuja? Wafanyakazi wanajua. Chuo humtafuta mwalimu wa muda. Humlipa kutoka katika ada na katika vijifedha vya kazi za karakana, yaani madawati yaliyouzwa na sare zilizoshonwa. Mwalimu huyo hufundisha saa zile zile, husahihisha kazi zile zile, husimama mbele ya hatari ile ile ya mashine. Lakini likizo wanafunzi wakiondoka, na mshahara wake huondoka. Aghalabu hachangiwi katika mfuko wowote wa pensheni. Akiugua, ni juu yake na jamaa zake. Wapo waliofanya kazi hivi mwaka baada ya mwaka wakingojea tangazo, na tangazo lilipokuja likawataka waingie katika usaili na watu elfu wengine, pasipo alama hata moja kwa miaka waliyokwisha kulitumikia Taifa. Chama cha wafanyakazi na wakulima hakiwezi kulitazama jambo hili likipita kana kwamba ni jambo la hesabu tu. Hii ni kazi ya kudumu inayolipwa kwa ujira wa kibarua.

Wapo wanaosema dawa ni kuviachia vyuo viajiri vyenyewe. Wanatuonyesha Uingereza, ambako kwa sheria ya mwaka 1992 vyuo vya elimu ya kuendelea viliondolewa katika mikono ya halmashauri, na tangu tarehe 1 Aprili 1993 kila chuo kikawa shirika linaloajiri watu wake, likipewa fedha kwa kadiri ya wanafunzi na masomo. Ni kweli kwamba huko hesabu huanza kwa mwanafunzi, na hilo tunalisifu. Lakini hawatuambii yaliyofuata: migomo na migogoro juu ya mikataba mipya, na vyuo kujaza madarasa kwa walimu wa saa ili kuokoa fedha. Sisi tunao walimu wa saa wa kutosha. Na katika nchi kama yetu chuo kinachoajiri chenyewe kingewavuta walimu kuelekea Dar es Salaam, Mwanza na Arusha, penye ada kubwa na kazi za nje, huku Mwanhala ikibaki na kibao. Tena tusijidanganye juu ya undugu. Mkuu wa chuo naye ana shemeji.

Nafasi ya kitaifa ilimwezesha kijana wa Kilimanjaro kufundisha Nzega na kijana wa Tabora kufundisha Newala, na hayo ni katika mambo yaliyotufanya tuwe watu wamoja. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja Tabora mwaka 1937 kama mtoto wa shule kutoka Butiama, na mwaka 1946, baada ya Makerere, alirudi hapa hapa kufundisha katika shule ya St. Mary's. Miaka 12 baadaye, Januari 1958, wajumbe wa TANU walikutana katika mji huu na kukata shauri la kuingia katika uchaguzi wa kura tatu. Mji uliolelewa na watu kutoka pande zote za nchi hauwezi kuomba leo kwamba kila mtu afundishe kwao.

Kenya wamefuata njia nyingine, nayo yafaa kutazamwa kwa makini zaidi kuliko ya Uingereza. Mwaka 2018 walimu wa vyuo vya ufundi waliondolewa katika Tume ya kuajiri walimu wa shule wakawekwa chini ya Tume ya Utumishi wa Umma. Si kwamba upungufu umekwisha, wala walimu wanaolipwa na bodi za vyuo hawajatoweka. Lakini tangu hapo mahitaji ya vyuo yanatajwa kwa jina lake, hayamezwi tena na mahitaji ya shule za msingi. Waziri akisimama kuomba, husema anaomba wakufunzi wa ufundi, na Bunge linajua linanyima nini.

Tunayoyataka sisi hayahitaji sheria mpya. Hesabu ya walimu wa vyuo ifanywe kwa fani na kwa karakana, ikianza na idadi ya wanafunzi ambao Baraza la NACTVET limekiruhusu chuo kuwapokea. Baraza hilo tayari hukagua vyuo kabla ya kuvisajili. Linajua karakana ngapi zipo na za kazi gani. Ni ajabu kwamba hesabu yake na hesabu ya Utumishi hazikai katika meza moja. Chuo kipya kisifunguliwe mpaka nafasi za walimu wake ziwe zimo katika makadirio ya mwaka ule ule, zikiwa zimeandikwa fani kwa fani. Nafasi iwe mali ya chuo: mwalimu akistaafu au akihama, nafasi ibaki pale alipoiacha. Mara nyingi hivi sasa mtumishi akihama huhama na mshahara wake, na vyuo vya mbali, ambavyo watu huvihama zaidi, ndivyo vinavyonyonywa zaidi.

Mwalimu wa muda aliyekwisha fundisha miaka mitatu au minne kwa sifa njema apewe uzito katika usaili. Tumesikia hoja kwamba jambo hili litafungua mlango wa upendeleo, kwa kuwa wakuu wa vyuo watawaingiza watu wao kama walimu wa muda ili waje wapate nafasi. Hoja ina kweli ndani yake. Lakini dawa ni kuwasajili walimu hao wizarani tangu siku ya kwanza, majina yao na fani zao zijulikane. Kujifanya hawapo hakumzuii mkuu wa chuo mwenye shemeji.

Na kwa Tabora tunaongeza neno. Vyuo vya mji huu vyote hufundisha hisabati, Kiingereza, matumizi ya kompyuta na ujasiriamali. Kutoka chuo kimoja hadi kingine aghalabu ni mwendo wa baiskeli. Lakini mkufunzi wa hisabati wa chuo kimoja, hata akiwa na vipindi vichache, haazimwi kwenda chuo jirani ambacho hakina mtu, kwa kuwa mshahara wake umo katika fungu jingine. Mkuu wa Mkoa anaweza kuwaita wakuu wa vyuo vyote, wa wizara zote, mara moja kila mwaka kabla ya makadirio kupelekwa Dodoma, wakaweka mezani walimu walio nao na wanaowakosa. Kuna mwalimu atakayeazimwa, kuna pengo litakalojulikana kuwa ni pengo la mji mzima, na ombi litakalotoka hapo litakuwa na nguvu kuliko barua saba zilizopita njia saba. Jambo hili halina gharama ila ya chai.

Haja yenyewe haingoji. Katika njia ile ile waliyopita wapagazi, reli ya kisasa inajengwa kuja Tabora, na mkataba wa kipande cha kwenda Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022. Pale Sojo, wilayani Nzega, kilijengwa kiwanda cha kuyavisha mabomba ya bomba la mafuta litokalo Uganda. Kazi hizi zinataka wachomeleaji, mafundi umeme, waendesha mitambo na wapima ardhi. Kijana wa Nzega aliyekosa mwalimu wa kuchomelea hupata kazi pale ya kubeba, wakati mwenye cheti kutoka mbali akishika chuma. Hatumchukii mgeni huyo, naye ni ndugu yetu. Lakini baba wa Kinyamwezi aliyeuza ng'ombe kulipa ada anayo haki ya kuuliza ada ile ilinunua nini.

Wabunge wa mkoa huu wamekuwa hodari wa kuuliza Bungeni vyuo vitajengwa lini. Katika kikao kijacho cha makadirio tunawaomba waulize swali jingine: Sikonge, Urambo, Nzega, Mwanhala, Uyui na Igunga, kila kimoja kimepewa nafasi ngapi za walimu mwaka huu, za fani zipi, na ngapi kati yake zina mtu. Jibu likitolewa, gazeti hili litalichapa lote, chuo kwa chuo.